Duka la Kijijini: Mizani, Daftari na Mali Kauli

Duka la kijijini la Afrika Mashariki ni jengo la chumba kimoja au viwili, la matofali au la udongo, limeezekwa mabati, lina kaunta ya mbao, rafu nyuma ya kaunta na baraza nje. Kwa zaidi ya miaka 100 limeuza karibu vitu vilevile: chumvi, sukari, sabuni, kibiriti, mafuta ya taa, nguo, jembe na dawa ya kichwa. Lakini anayesimulia historia yake kwa kufuata bidhaa za rafuni tu anaiacha nusu ya habari. Duka hilo lilinunua kama lilivyouza. Mteja aliyetoka na kipande cha sabuni aliingia na kikapu cha karanga, ngozi ya mbuzi, nta au pamba. Mara nyingi hata hakuingia na kitu, kwa kuwa mazao yalikuwa bado shambani, na sabuni aliichukua kwa jina lake kuandikwa kwenye daftari. Mizani iliyonunua mazao na daftari lililobeba madeni ndivyo vilivyoliweka duka hai, na ndivyo vilivyoliletea lawama.

Kabla ya duka kulikuwa na msafara. Katika karne ya 19 bidhaa kutoka Zanzibar zilifika Tabora na Ujiji mabegani mwa wapagazi: marekani, nguo nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na merikebu za Salem, Massachusetts; kaniki kutoka India; ushanga wa rangi zilizopendwa kila nchi kivyake; na waya wa shaba. Zilirudi pembe. Safari ya kwenda na kurudi ilikula mwaka au miaka, na waliosafiri hawakuwa na fedha ya kununulia mzigo wote. Mtaji ulitoka kwa matajiri wa Kihindi wa Zanzibar. Taria Topan, mmoja wa wakubwa wao, ndiye aliyemkopesha mfanyabiashara wa misafara Tippu Tip mali ya safari zake. Mtu alipewa bidhaa kwa kauli, akauza, kisha akarudi kulipa. Hiyo ndiyo mali kauli, na wenye maduka wa leo wanaifahamu kwa jina hilohilo.

Bagamoyo, ambako misafara ilijipanga, biashara ya kuwauzia wasafiri vifaa na kuwatafutia wapagazi ilikuwa mikononi mwa Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka 1897 na kuacha mali nyingi kwa ajili ya hospitali na shule. Katika kundi hilo la wafanyabiashara alikulia Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, magharibi mwa India, aliyefika pwani mwaka 1863 akiwa kijana wa miaka 12. Wazo lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: badala ya bidhaa kutembea na kusubiriwa zirudi, ziwekwe mahali pamoja huko bara, chini ya mtu mwaminifu, ziwangoje wanunuzi. Alifungua matawi kwenye njia za misafara, halafu akaifuata reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ziwani, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Alipofariki mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yameenea kutoka pwani hadi Uganda. Wengi waliosimama nyuma ya kaunta zake walikuwa vijana walioletwa kutoka kwao. Baada ya miaka kadhaa ya utumishi, kijana alifungua duka lake mwenyewe ndani zaidi, na bidhaa za kuanzia akazichukua kwa yuleyule tajiri, kwa mali kauli.

Hapa pana kosa moja linalorudiwa mno: kwamba wenye maduka walikuwa vibarua wa reli waliobaki. Vibarua walioletwa kujenga reli walikuwa takriban 32,000, wengi wao kutoka Punjab, na wengi walirudi makwao mikataba ilipokwisha. Waliojaza maduka ya vijijini walikuwa hasa watu wa Gujarat na Kutch, waliojilipia nauli au kulipiwa na jamaa. Walisukumwa na ukame na njaa za kwao, wakavutwa na barua za ndugu. Kenya ilikuwa na sababu nyingine ya kuwabana dukani: tangu mwaka 1908 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mashamba ya nyanda za juu yasigawiwe Wahindi. Aliyezuiwa kulima alifungua duka.

Wala hawakuwa Wahindi peke yao. Unyamwezi, Usukuma na hata Burundi, maduka madogo mengi yalikuwa ya Wamanga, Waarabu waliotoka Oman wakiwa maskini na kuanza kwa mzigo wa chumvi na nguo. Pwani, Washihiri wa Hadhramaut waliuza vyakula na kahawa. Kaskazini mwa Kenya na upande wa Maasai, Wasomali waliuza chai, sukari na nguo na kununua mifugo na ngozi. Msimamo wa wote ulikuwa mmoja, kuishi palepale panapofanyiwa biashara, ingawa Mmanga mara nyingi alioa kijijini na wanawe wakawa watu wa hapo, jambo ambalo Mhindi wa dukani alilifanya kwa nadra.

Msukumo mkubwa haukutoka kwa wafanyabiashara, ulitoka kwa kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba Tanganyika mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba. Waingereza wakafuata Kenya miaka michache baadaye. Hapo mwanzo kodi iliweza kulipwa kwa mazao au kwa kazi, lakini lengo lilikuwa fedha. Na kijijini fedha ilipatikana wapi? Kwa kuuza nguvu kwenye shamba la mzungu au kwa kuuza mazao dukani. Kwa hiyo duka likawa kituo cha kati cha utawala bila kuandikwa popote: mkulima alileta ufuta au nta, akapata rupia, akampelekea akida, mtumishi wa serikali aliyekusanya kodi. Si ajabu kwamba mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza Umatumbi, pamoja na kung'oa pamba, wapiganaji walikiteketeza kituo cha biashara cha Samanga, pwani ya Kilwa. Akida, pamba na duka vilionekana kuwa kitu kimoja.

Sarafu zilibadilika mikononi mwa wenye maduka. Rupia ya Kijerumani iligawanywa kwanza kwa pesa 64, kisha tangu mwaka 1904 kwa heller 100. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliiondoa rupia, wakapitisha florini kwa muda mfupi, halafu shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, iliyotumika Kenya, Uganda na Tanganyika kuanzia mwaka 1922. Senti 1, 5 na 10 zilikuwa na tundu katikati. Watu walizitunga kwenye uzi, wakazifunga kiunoni au kuzivaa shingoni. Ile senti moja haikuwa ya mchezo. Duka la kijijini liliishi kwa kuvunja bidhaa mpaka kiasi kinachonunulika kwa senti: sigara moja moja, kibaba cha chumvi, mafuta ya taa ya kujaza kibatari kimoja.

Duka la miaka ya 1930 hadi 1950 linaweza kuelezwa kwa undani, kwa sababu lilikuwa karibu sawa kutoka Nyanza hadi Songea. Mlangoni kulikuwa na gunia la chumvi na gunia la sukari, midomo imekunjwa nje. Juu ya kaunta ilisimama mizani ya sahani mbili na mawe yake ya chuma, kuanzia wakia hadi ratili kadhaa. Kando yake kibaba na pishi vya kupimia nafaka. Rafuni zilipangwa miche ya sabuni iliyokatwa kwa uzi au kisu, vibiriti, majani ya chai, vioo vidogo, nyembe, kwinini, na marobota ya nguo. Jembe na mapanga yalining'inia ukutani. Sukari ilifungiwa kwenye karatasi ya gazeti iliyokunjwa pembe, magazeti ya Kigujarati kwa Kiingereza yakisafiri hivyo hadi kwenye nyumba ambazo hakuna aliyeweza kuyasoma.

Mafuta ya taa yalikuja kwenye debe. Madebe mawili yalijaa ndani ya sanduku moja la mbao, kila debe galoni 4, karibu lita 18. Likishakwisha mafuta, debe lilianza kazi ya pili, ambayo ilidumu kuliko ya kwanza: likawa chombo cha kuchotea maji, likapasuliwa na kunyooshwa kuezekea paa, na zaidi ya yote likawa kipimo. Mahindi, maharage, mpunga, karanga, vyote vikauzwa kwa debe, na vinauzwa hivyo hadi leo kwenye magulio mengi, hata baada ya debe lenyewe kuwa la plastiki. Sanduku nalo likawa rafu.

Barazani alikaa fundi na cherehani. Mara nyingi fundi alikuwa Mwafrika, na baraza alipewa na mwenye duka kwa makubaliano: mteja anunue nguo ndani, aishone nje. Ilikuwa mbinu nzuri ya kuuza marekani na khaki. Ilikuwa pia chuo. Mafundi wa barazani walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza waliojua bei za jumla, waliojua mzigo unatoka mji gani na kwa nani, na wengi wao baadaye walifungua maduka yao.

Kanga zilikuwa na desturi yake. Ziliuzwa kwa doti, na ziliuzwa hasa baada ya mavuno. Duka la jumla la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887 na kujulikana kwa alama yake ya Mali ya Abdulla, lilitoa miundo na maneno mapya mfululizo. Mwenye duka wa kijijini alipaswa kujua ni kanga ipi inasemwa na wanawake msimu huo. Akikosea, doti arobaini zinamlalia rafuni mpaka mwaka ujao, na mtaji wake umelala nazo.

Nyuma ya ukuta wa rafu ndiko familia ilikoishi. Mke, watoto na mpwa walipokezana kaunta kuanzia alfajiri hadi usiku. Hakukuwa na mshahara wa kulipa wala pango la nyumba ya pili, na ndiyo sababu makampuni ya Kizungu yalijaribu biashara ya rejareja kijijini na kuiacha. Hayakuweza kumshinda mtu anayefungua duka saa kumi na mbili asubuhi ili auze kibiriti kimoja.

Fedha yenyewe ilikuwa imefungamana kuliko ilivyoonekana. Kampuni ya Bombay au Mombasa ilimkopesha mwenye duka la jumla wa Kisumu, Mwanza au Tabora. Yeye akamkopesha mwenye duka wa kijijini. Huyu akamkopesha mkulima. Ngazi zote ziliishia kwenye mvua. Katika miezi ya kupalilia, akiba ya chakula inapopungua, mkulima alichukua chumvi, jembe, pengine mahindi, na jina lake likaingia kwenye daftari. Pamba au kahawa ilipoiva, aliileta palepale, ikapimwa kwenye mizani ileile ya mdai wake. Riba haikuandikwa. Ilikaa ndani ya bei: bidhaa ya mkopo ilikuwa ghali kuliko ya taslimu, na mazao ya mdaiwa yalikuwa rahisi kuliko ya mtu huru. Daftari liliandikwa Kigujarati, kwa hiyo mdaiwa hakuweza kulikagua hata kama alijua kusoma. Lawama za kupunjwa zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa za kweli. Jiwe la mizani linaweza kuchimbwa kwa ndani, na kidole kinaweza kukaa kwenye sahani. Hata hivyo mkulima huyo hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Benki haikumjua, na serikali ilimjua siku ya kodi.

Mvua zikikosa, au bei ya dunia ikianguka, mnyororo ulikatika kuanzia chini. Katika mdororo wa miaka ya 1930 bei za pamba, kahawa na mkonge zilishuka vibaya. Madeni ya wakulima hayakulipika, maduka mengi ya vijijini yakafilisika, na wa jumla wakafuata.

Serikali za kikoloni zilijibu kwa sheria, na sheria hizo ziligusa palepale kwenye mizani na daftari. Upande wa mizani, katika miaka ya 1930 Kenya na Tanganyika zote zilipitisha kanuni za kuyaondoa manunuzi ya mazao dukani na kuyaweka kwenye masoko yaliyotengwa na kwa wenye leseni. Upande wa daftari, sheria za kudhibiti mikopo kwa wenyeji zilifanya deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani isipokuwa kwa masharti mazito. Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mkulima dhidi ya madeni. Matokeo yake mabaya zaidi yaliwapata Waafrika waliotaka kufungua maduka: hakuna tajiri wa jumla aliyetaka kuwapa mali kauli ambayo sheria isingemsaidia kuidai. Mlango uliowatoa akina Allidina Visram ukafungwa kwa jina la ulinzi.

Zanzibar ilionyesha jinsi daftari linavyoweza kufika mbali. Wenye maduka na wakopeshaji wa Unguja na Pemba walikuwa wamewakopesha wenye mikarafuu kwa miaka mingi, rehani ikiwa ni mikarafuu yenyewe, na sehemu kubwa ya mashamba ikawa imefungwa kwa madeni. Mwaka 1934 serikali ilizuia mashamba yasiendelee kupita mikononi mwa wadai, na mwaka 1937 ikakipa Chama cha Wakulima wa Karafuu mamlaka ya kununua karafuu zote. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma. India, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ikaisusia karafuu ya Zanzibar kwa kuungwa mkono na chama cha Congress cha huko, mpaka mapatano yalipofikiwa mwaka 1938. Vurugu hizo zote, zilizofika Bombay na London, zilianzia kwenye deni la mchele na nguo katika vijiji vya mikarafuu.

Maduka ya Waafrika yalikuwepo mapema kuliko inavyodhaniwa, lakini yalikuwa machache na membamba. Dar es Salaam, Erika Fiah, mwenye duka aliyetoka Buganda, alianzisha chama cha kuwatetea wafanyabiashara Waafrika mwaka 1934, na mwaka 1937 akaanza gazeti la Kwetu. Wimbi lenyewe lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Askari wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) walirudi kutoka Burma na Ethiopia na akiba zao, na duka likawa ndoto ya wengi. Wakati wa vita bidhaa zilikuwa adimu, nguo zilitolewa kwa vibali, na ulanguzi ulitajirisha waliokuwa na mzigo, kwa hiyo ilionekana kuwa kufungua duka ni kuokota fedha. Maduka manne au matano yalisimama mahali pamoja, yote yakiuza sigara, chumvi na sabuni. Mengi hayakumaliza miaka miwili. Walinunua kwa taslimu kutoka kwa Mhindi yuleyule wa mjini, kwa bei ya karibu rejareja, kisha wakauza kwa jamaa waliochukua kwa mkopo. Mhindi wa dukani aliweza kumkatalia mteja bila kugombana na ukoo mzima. Mwenyeji hakuweza. Kukopa harusi kulipa matanga ni methali ya zamani, na huko dukani matanga yalikuwa ya mkopeshaji.

Waliofaulu ni waliounganisha mitaji. Nyanza, Oginga Odinga na wenzake waliandikisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, ikajenga maduka na hata kumiliki matbaa ya magazeti. Mwanza, Paul Bomani alitoka kwenye ushirika wa wafanyabiashara wa Kiafrika, akaingia kwenye vita kubwa zaidi, ya mizani. Wakulima wa pamba wa Usukuma walichoka kupunjwa na wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka huko ukajengwa muungano wa vyama vya ushirika vya pamba, Victoria Federation of Cooperative Unions, mwaka 1955. Kilimanjaro walikuwa wametangulia na chama chao cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Ushirika ukaichukua mizani kutoka dukani. Daftari ukaliacha, na hilo lina uzito katika yaliyofuata, kwa kuwa duka lililonyimwa mazao lilikuwa na sababu ndogo ya kumkopesha mkulima jembe.

Uhuru ulipokuja, swali la nani awe nyuma ya kaunta lilijibiwa kwa njia tatu. Kenya ilitumia leseni. Sheria ya mwaka 1967 iliwazuia wasio raia kufanya biashara vijijini na katika bidhaa zilizotajwa, na Wahindi wengi waliokuwa na pasipoti za Uingereza waliondoka mwaka 1967 na 1968. Maduka yao ya vituo vya biashara yalinunuliwa na Waafrika waliokuwa na fedha au waliokuwa na njia ya kupata mkopo wa serikali. Uganda ilikuwa imeonja mgomo dhidi ya maduka ya Wahindi huko Buganda mwaka 1959. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi siku 90 kuondoka, na maduka yakagawiwa, mengi kwa askari na marafiki wa utawala. Watu waliwaita mafuta mingi. Husimuliwa hadi leo kwamba baadhi yao waliuza shati kwa namba iliyoandikwa kwenye kola, wakidhani ndiyo bei. Iwe ilitokea au ni utani wa wateja, ilichobeba ni kweli: rafu ziliuzwa mara moja, na hakuna aliyejua mzigo wa pili unatoka wapi, wala aliyeaminika kupewa mali kauli.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi, maana haikutaka kumbadilisha mwenye duka bali kumwondoa. Hata kabla ya Azimio la Arusha, COSATA iliundwa mwaka 1962 ili kuvipatia vyama vya ushirika bidhaa za maduka yao. Baada ya Azimio la Februari 1967, biashara ya nje na ya jumla iliwekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, ambalo miaka ya 1970 liligawanywa na kazi ya mikoani kupewa kampuni za biashara za mikoa, maarufu RTC. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa, na familia nyingi za Kihindi katika miji midogo zikahama. Operesheni Vijiji ilihamisha mamilioni ya watu kati ya mwaka 1973 na 1976. Duka lililokuwa njia panda likajikuta halina wateja, na kijiji kipya hakina duka.

Mwanzoni mwa mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa kufungwa na nafasi yake kushikwa na duka la kijiji. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Duka la kijiji lilikuwa na kamati, mweka hazina, na mara nyingi jengo zuri kuliko la Mmanga aliyefungiwa. Likakosa mambo mawili ambayo yeye alikuwa nayo. La kwanza ni mzigo: bidhaa zilitoka RTC mjini kwa mgao, na kijiji kisicho na lori kilisubiri lori la kuazima, lenye matairi yaliyokwisha. La pili ni daftari: duka la kamati lilitakiwa kuuza kwa taslimu, kwa bei iliyopangwa na Tume ya Bei, na fedha hiyo mkulima hakuwa nayo miezi saba ya mwaka. Sukari ilipofika, wajumbe walijua kabla ya wengine. Haikuchukua muda serikali ikalegeza msimamo, na maduka binafsi yakaruhusiwa tena, lakini mengi hayakurudi.

Vita ya Kagera ya mwaka 1978 na 1979 na upungufu wa fedha za kigeni vilimaliza kilichobaki. Miaka ya mwanzo ya 1980 ndiyo ya foleni za sabuni, za kadi kwenye maduka ya kaya, za nguo zinazouzwa kwa kificho. Mwaka 1983 wafanyabiashara wengi walikamatwa kama wahujumu uchumi, wakiwemo wenye maduka madogo waliokutwa na katoni chache stoo. Mwaka uliofuata serikali ilikubali watu waingize bidhaa kwa fedha zao wenyewe bila kuulizwa wamezipata wapi, na baada ya Ali Hassan Mwinyi kushika urais mwaka 1985 rafu zilijaa tena. Wengine walilalamika kwamba bei hazishikiki. Walioishi miaka ya kukoga kwa majani ya mpapai hawakulalamika sana.

Waliorudi nyuma ya kaunta hawakuwa walewale. Wachaga walienea nchi nzima, kiasi kwamba katika sehemu nyingi za Tanzania mwenye duka huitwa Mangi, cheo cha watawala wa zamani wa Kilimanjaro, hata akiwa Mnyakyusa. Wakinga walishika Njombe na Mbeya, Wapemba wakashika nguo na vifaa. Njia yao ya kukua ni ileile ya mwaka 1900: kijana analetwa kutoka nyumbani, anauza duka la kaka au mjomba, hamegewi mshahara mkubwa, na baada ya miaka michache anafunguliwa lake kwa mali kauli. Kenya nayo bidhaa zimezidi kuvunjwa vipande. Viwanda vyenyewe sasa vinafunga mafuta ya kupikia, sabuni ya unga na majani ya chai kwa ujazo wa kadogo, kazi ambayo mwenye duka aliifanya kwa kisu na karatasi.

Simu imeongeza kazi kwenye kaunta. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008, na mtandao wake wa mawakala ulisimikwa kwa kiasi kikubwa juu ya maduka yaliyokwisha kuwepo. Mwenye duka, ambaye tayari alikuwa na fedha taslimu na aliyemjua kila mtu kwa jina, aliwekewa kazi ya kutoa na kupokea fedha.

Biashara ya mazao nayo haikutoka dukani moja kwa moja. Mtwara, korosho huuzwa tangu msimu wa 2007 kwa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, hupigwa mnada, naye hulipwa baadaye. Pembeni yake inaendelea kangomba, ununuzi wa kupima kwa chombo kwa bei ya chini, ambao serikali iliuandama kwa nguvu msimu wa 2018. Kagera ni butura, kahawa inayouzwa ikiwa bado maua. Makatazo yamerudiwa mara nyingi, na wanaofanya biashara hiyo kwa kawaida si wageni. Ni watu wenye duka, pikipiki na mizani, wanaokopesha unga na ada ya shule mwezi Februari na kulipwa kwa gunia.

Mikopo ya simu, iliyoanza Kenya na M-Shwari mwaka 2012 na kufika Tanzania miaka miwili baadaye, ingetarajiwa kuliondoa daftari. Imeliondoa kwa mwalimu, muuguzi na mwendesha bodaboda, wenye kipato cha kila mwezi au kila siku. Kwa mkulima mambo ni tofauti, kwa kuwa mkopo wa namna hiyo kwa kawaida hutakiwa urudi ndani ya siku 30, wakati fedha ya pamba au korosho huja mara moja kwa mwaka. Mwenye duka husubiri hadi mavuno, na malipo ya kusubiri kwake huyaweka pale alipoyaweka mtangulizi wake, ndani ya bei.